Mwalimu wa Miaka Mitano

Ukisema Mwalimu huku kwetu, kati ya Uvira na Kamanyola, bila kuongeza jina, watu watataka kujua ni yupi. Mwalimu ni wa shule ya msingi, na mwalimu ni yule pia anayeongoza waumini wa kanisa kijijini. Anayefundisha sekondari tunamwita profeseri, au prof kwa kifupi, hata kama ana mwaka mmoja tu kazini. Lakini ukivuka ziwa mpaka Kigoma, Mwalimu bila jina ni mtu mmoja: Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Neno lenyewe lilitoka Kiarabu, lina undugu na elimu na maalumu, na pwani lilimtaja kwanza yule anayewasomesha watoto Kurani. Ajabu ni kwamba mtu aliyelibeba neno hilo mpaka likawa kama jina lake la ubatizo alifundisha shuleni, kwa mshahara, miaka mitano na kidogo tu.

Luvungi kuna walimu ambao wamesimama mbele ya ubao miaka mingi zaidi ya hiyo, na hakuna anayewajua nje ya kijiji chao. Siandiki hivyo kwa kuwalilia. Ninaandika kwa sababu wengi wetu katika idara hii, tukimaliza, hatutakuwa wataalamu wa fonolojia. Tutapewa darasa lililojaa, chaki na daftari la maandalio ya masomo, na siku ya kwanza tutaulizana kama tunaweza. Maisha ya Nyerere husimuliwa karibu kila mara kama maisha ya mwanasiasa. Mimi nimejaribu kuyasoma kama maisha ya mtu wa kazi yetu, nione uzoefu ulimpa nini na nini haukumpa.

Alizaliwa Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, mwaka 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja kati ya wake wengi wa chifu huyo. Nyumbani waliongea Kizanaki. Kiswahili alikikuta shuleni, Mwisenge, mjini Musoma, alipoingia darasa la kwanza mwaka 1934 akiwa tayari na miaka kumi na miwili. Jambo hili watu wa bara hulipita haraka, lakini mtoto wa Kifuliiru anayeingia shule pale Luvungi angelielewa mara moja: lugha ya mama mlangoni, Kiswahili darasani, na nyuma ya Kiswahili inangoja lugha ya tatu. Kwake ilikuwa Kiingereza, kwetu ni Kifaransa.

Mwaka 1937 alipelekwa shule ya serikali ya Tabora, shule ya bweni iliyofuata mfano wa shule za Waingereza: viranja, kengele, michezo, heshima kwa mkubwa. (Tabora ni mji ambao sisi wa kaskazini mwa Tanganyika tuna deni kwake. Kiswahili chetu kilikuja na misafara iliyopita hapo ikielekea Ujiji na kuvuka ziwa.) Mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Mwaka huo huo alibatizwa akaitwa Julius. Makerere haikuwa bado chuo cha kutoa digrii. Alitoka na diploma ya ualimu mwaka 1945, na hapo ndipo uamuzi wa kwanza unaonihusu ulipokuja.

Shule mbili za Tabora zilimtaka. Moja ilikuwa ile ya serikali aliyosoma, yenye mshahara mkubwa zaidi na ahadi ya pensheni. Ya pili ilikuwa St. Mary's, ya mapadre wa White Fathers, iliyokuwa bado change. Alichagua ya mapadre. Wanaomsifu hulitaja hili kama dalili ya kutopenda fedha, na huenda ni kweli. Mimi naona jingine pia. Katika shule ya serikali angerudi kuwa mwalimu mdogo mbele ya wale waliomfundisha, ndani ya utaratibu uliokwisha kukomaa, ambako kazi ya mgeni ni kutunza kengele. Shule changa humpa mwalimu kijana nafasi ya kujenga darasa lake mwenyewe.

Alianza 1946, akiwa na miaka 23. Alifundisha biolojia. Frances Fuller, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, aliandika kwamba mwalimu mpya huanza kwa kujiogopea yeye mwenyewe: watanitii? watagundua kwamba sijui? Baadaye ndipo hofu yake inahamia kwenye kazi, yaani muda na vitabu na mitihani, na mwisho kabisa inafika kwa mwanafunzi, kama ameelewa au la. Kila aliyefanya staji anaijua ngazi ile ya kwanza. Ni pale unapopaza sauti kwa sababu huna kitu kingine cha kutumia.

Nyerere aliipitaje? Hatuna daftari lake la maandalio. Tuna mambo mawili aliyoyafanya nje ya ratiba, nayo yanasema mengi. La kwanza ni midahalo. Alikuwa ameipenda tangu alipokuwa mwanafunzi, na St. Mary's aliisimamia. Mwalimu mwoga hapendi mdahalo, kwa kuwa mdahalo unawapa wanafunzi ruhusa ya kusema hapana kwa utaratibu. Ukiuendesha vizuri unajifunza kitu ambacho fimbo haifundishi: kwamba darasa linaweza kuwa na kelele na bado likawa mikononi mwako, ilimradi kila mmoja anajua zamu yake. La pili ni kwamba jioni aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mji wa Tabora bila malipo. Mtu mzima aliyechoka na kazi hafungwi na kengele. Asipoelewa, kesho haji. Kiranja hayupo, adhabu haipo, mtihani haupo. Kuna somo tu, na kama somo ni baya benchi linabaki tupu. Ninaamini darasa hilo la jioni lilimfundisha ualimu kuliko Makerere, ingawa hiyo ni hesabu yangu mimi.

Mwaka 1949 alipata nafasi ya kusoma Edinburgh, Uskochi, na mwaka 1952 akarudi na digrii ya M.A. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel, naye Maria alikuwa mwalimu. Kisha akaajiriwa St. Francis, Pugu, shule ya mapadre iliyo nje kidogo ya Dar es Salaam.

Pugu ni darasa lake la pili na la mwisho. Sasa hakuwa tena kijana wa kwanza kazini. Alikuwa na digrii ya Ulaya, jambo la nadra sana Tanganyika, na alikuwa na miaka mitatu ya Tabora mgongoni. Lakini aligawanyika. Mwaka 1953 huo huo alichaguliwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Wiki nzima alifundisha. Jumamosi na Jumapili alikwenda mjini, mara nyingi kwa miguu, umbali wa kilomita ishirini hivi, kwenye mikutano. Machi 1955 alisafiri New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, wakuu wa shule, waliokuwa wakisukumwa na serikali ya kikoloni, walimtaka achague chaki au chama. Akaacha kazi mwezi huo huo.

Watu husimulia siku hiyo kama ushindi. Waliosimulia hawakuwa na mke, mtoto na mshahara uliokatika. Alirudi kwao Musoma, na kwa miezi kadhaa aliishi kwa kazi ambayo mwanafunzi wa lugha za Kiafrika hawezi kuisoma bila kutabasamu: mapadre wa Maryknoll walimlipa amfundishe mmoja wao Kizanaki, na kuwasaidia kutafsiri mafundisho ya dini kwa lugha hiyo. Mtu mwenye digrii ya Edinburgh, kiongozi wa chama kinachodai uhuru, amekaa na mwanafunzi mmoja wa kizungu akimweleza ngeli za lugha ya nyumbani kwao. Hakuna darasa dogo kuliko hilo, wala hakuna linalofunua udhaifu wa mwalimu upesi zaidi, maana kuongea lugha ni jambo moja na kuifundisha ni jingine kabisa. Lugha ya mama huijui mpaka mtu akuulize kwa nini.

Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hukua hasa kwa kufanya jambo gumu na kulimaliza. Kuona wengine wakilifanya husaidia, kutiwa moyo husaidia, hata hali ya mwili ina sehemu yake, lakini kumaliza mwenyewe ndiko kunakoshika. Miaka peke yake haimo katika orodha hiyo. Mtu anaweza kukaa miaka ishirini darasani bila kufanya jambo gumu hata moja, akirudia mwaka wake wa kwanza mara ishirini.

Nyerere aliendelea kupata madarasa magumu baada ya kuacha shule. Mfano ni mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958. Waingereza walikuwa wameweka uchaguzi ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wanachama walikuja wamekasirika, wengi wakitaka kuususia. Nyerere aliona kwamba kususia kungewaachia wapinzani baraza lote. Hakuwa na mabavu ya kuwalazimisha. Aliwaeleza, akarudia kueleza, kwa mifano ya maisha yao, mpaka wengi wakakubali. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuunda chama chake. TANU ilishiriki ikashinda, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Lakini kuna siku nyingine, ambayo wanaomwandikia sifa huipunguza: tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa vyuo lazima waende Jeshi la Kujenga Taifa, tena kwa muda fulani wakiwa na sehemu tu ya mshahara wao. Wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine vya Dar es Salaam waliandamana, wengine wamevaa majoho, wakiwa na mabango, moja likisema kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Nyerere aliwaruhusu wafike Ikulu. Akawasikiliza mpaka mwisho wa risala yao. Kisha akakasirika, tena mbele ya wote.

Alifanya mambo mawili kwa pumzi moja. Walipodai kwamba viongozi wanalipwa mno, alikubali, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wakubwa wengine wakafuatia. Halafu akawafukuza wanafunzi wote wale, zaidi ya 300, wakarudishwa makwao. Wengi waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata.

Nimelifikiria sana tukio hili. Likiwa mtihani wa kutawala darasa, nusu yake ni somo bora kuliko yote niliyoyaona: mwalimu anayekubali mbele ya darasa kwamba mwanafunzi amesema kweli, na anayeanza kujirekebisha yeye kabla ya kumrekebisha mwingine. Nusu ya pili ni kosa ambalo kila mwalimu mchanga hulifanya, kumtoa nje anayeuliza. Alikuwa na miaka 44, na si mchanga hata kidogo. Uzoefu haukumwondolea hasira. Wale wanaotuambia kwamba tukikaa kazini miaka kumi darasa litatulia lenyewe hawajaiangalia siku ile vizuri. Na mwaka 1978 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana tena, safari hii kupinga marupurupu ya wakubwa, wengi walifukuzwa tena.

Miezi michache baada ya maandamano ya 1966 lilitoka Azimio la Arusha, Februari 1967, na Machi andiko lake kuhusu Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Kwa maoni yangu hicho ndicho alichowapa walimu wa kawaida kilicho kikubwa kuliko vyote, ingawa hakipewi jina hilo. Tunapozungumza juu ya kujiamini kwa mwalimu, huwa tunasahau lugha. Mwalimu anayefundisha kwa lugha anayoiogopa hawezi kutoka nje ya daftari lake. Mtoto akiuliza swali lisilo ndani ya daftari, humnyamazisha; kinachoonekana ni ukali, kumbe ni hofu ya sarufi. Kongo, sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha zetu za taifa katika madarasa ya mwanzo, na upande wetu maana yake ni Kiswahili. Katika vijiji vya Bafuliiru utamsikia mwalimu yuleyule akieleza hesabu kwa Kiswahili darasa zima limemkazia macho, na baadaye, akiingia Kifaransa, sauti yake inapanda na macho ya watoto yanahamia dirishani. Miaka yake ya kazi haijapungua katika dakika hizo kumi.

Nyerere mwenyewe aliifanyia lugha hiyo kazi ya mikono. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963, akairudia akaitoa tena 1969, mwaka ambao Mabepari wa Venisi nayo ilichapishwa. Rais anayesahihisha tafsiri yake ya kwanza kwa sababu hakuridhika nayo ni mtu ambaye bado ana kalamu nyekundu mfukoni.

Kisha ikaja Musoma. Novemba 1974 chama kilikaa mjini humo na kuazimia kwamba kufikia 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, miaka mingi kabla ya mpango wa awali. Majengo yangeweza kujengwa na wanavijiji. Walimu je? Vyuo visingetosha hata kidogo. Ikaamuliwa wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba, maelfu kwa maelfu, wafundishwe wakiwa kazini: saa chache za kufundisha, saa nyingine za kusomeshwa wao chini ya msimamizi wa kata, pamoja na masomo kwa posta na redio, na mwishoni muda mfupi chuoni. Mpango ulichukua miaka mitatu. Watu waliwaita walimu wa UPE, na jina hilo baadaye likawa kama tusi.

Hapa ninatofautiana na wanaowacheka. Mpango wenyewe, ukiusoma, ulikuwa na akili: ulimweka kijana karibu na mwenye uzoefu, ukampa mzigo mdogo kwanza, ukamwongezea taratibu. Vyuo vingi vya ualimu leo haviwapi wanafunzi wao muda mrefu hivyo mbele ya watoto halisi. Ulipovunjika ni pale ambapo msimamizi mmoja alikuwa na vijana wengi kupita uwezo wake, vitabu havikufika, na uchumi wa mwisho wa miaka ya sabini ukaanguka pamoja na vita vya Uganda. Kijana wa miaka kumi na saba akabaki peke yake na darasa lililojaa, akajifunza kile ambacho mtu aliyeachwa peke yake hujifunza, yaani kiboko. Watoto wengi walijua kusoma kwa sababu yake, na wengi walimwogopa. Nyerere, aliyeanza kufundisha akiwa na diploma ya Makerere na mapadre wazoefu pembeni yake, aliwaomba watoto wa darasa la saba wafanye kazi hiyo bila hata nusu ya msaada alioupata yeye. Sijui kama nchi maskini ilikuwa na njia nyingine. Lakini gharama hiyo ililipwa na vijana wale, na sio na waliokaa mkutanoni Musoma.

Kosa lake jingine, kwa mtu wa lugha, ni la 1984. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza miaka miwili kabla kwamba Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985. Uchunguzi wa Criper na Dodd, katika 1984 hiyo hiyo, ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo. Serikali ilibaki na Kiingereza, na Nyerere alikitetea. Mtu aliyethibitisha kwa mkono wake kwamba Shakespeare anakaa vizuri ndani ya Kiswahili aliona fizikia ya kidato cha kwanza haiwezi. Maana yake ni kwamba mwalimu wa sekondari wa Tanzania hadi leo anavuka kila asubuhi mpaka ule ule ambao mwalimu wa Luvungi anauvuka kuingia Kifaransa.

Aliacha urais Novemba 1985, akarudi Butiama kulima. Alitafsiri Injili kwa mashairi, kwa mtindo wa utenzi, zikachapwa 1996. Na mwaka 1998 alipewa darasa lake la mwisho, lililokuwa karibu sana na sisi: mazungumzo ya amani ya Burundi, huko Arusha. Kutoka Luvungi milima ya Burundi inaonekana ng'ambo ya Ruzizi, na vita vile vilivuka mto mara nyingi. Katika ukumbi wa Arusha walikaa wajumbe wa vyama na makundi zaidi ya kumi na tano, wengi wao hawakutaka hata kutazamana. Wapo Warundi waliolalamika kwamba mzee huyo anawafundisha kama watoto wa shule. Aliwagawa katika kamati, kila kamati na suala lake: asili ya mgogoro, demokrasia na utawala, usalama, ujenzi mpya wa nchi. Wale waliogombana katika ukumbi mkubwa walilazimika kuandika pamoja katika chumba kidogo. Alikufa kazi haijaisha, kwa saratani ya damu, katika hospitali moja ya London. Nelson Mandela alichukua nafasi yake, akiwa na mtindo mkali zaidi, lakini kamati zile alizikuta na hakuzivunja. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000.